Mwaka Tuliouficha Ugonjwa wa Chifu

Asubuhi moja baba aliniuliza mimi ni mke wa nani.

Nilikuwa nimempelekea uji, kama nilivyofanya kila asubuhi tangu nirudishwe nyumbani. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, kama mgeni, akanitazama kwa adabu, akasema, "Mama, wewe ni mke wa nani hapa?" Nilidhani ananitania, na utani huo ukanichoma, maana sikuwa tena mke wa mtu. Nilikuwa nimeolewa Nunguni, kule milimani, nikakaa miaka sita bila mtoto, mwishowe mume wangu akanirudisha kwetu, upande wa Migwani, mwendo wa siku nne kwa miguu. Baba alinipokea bila kuuliza swali. Kwa hilo nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

"Nau, ni mimi," nikamjibu. Nau ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha yetu.

Akacheka, akasema anajua. Lakini jina langu hakulitaja.

Wakati huo alikuwa chifu wetu tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Serikali ilimpa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na fimbo, na askari wawili. Sitasema alikuwa chifu mwema. Aliwatoa watu mashambani wakati wa kupalilia, akawapeleka kuchimba barabara ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na gari la kupita juu yake. Waliokataa walichapwa viboko mbele ya wake zao. Watu walimwogopa, na katika miaka yote hiyo sikusikia mtu akisema kwa sauti kwamba hafai kiti kile. Walianza kulisema neno hilo alipoanza kusahau.

Yalianza mambo madogo. Aliita baraza, watu wakatembea tangu alfajiri, naye akashinda shambani akiangalia mizinga yake ya nyuki. Shamba moja la mpakani alimpa mtu mmoja Jumatatu, na Alhamisi akampa jirani yake aliyekuwa anagombana naye. Watu wa ng'ambo ya kijito walichimba barabara wiki nzima, wakaenda nyumbani, na Jumatatu askari wakawafuata tena kwa amri ile ile. Mtoni, tulikokuwa tukifukua mchanga kutafuta maji, wanawake walikuwa wakizungumza mpaka mimi nitokee na kibuyu changu. Hapo wakaanza kusifu mvua ambayo haikuwepo.

Kaka yangu mkubwa alituita nyumbani kwa mama. Yeye alikuwa akikitazamia kiti kile, kila mtu alijua.

"Mzee akitolewa leo kwa sababu ya kichwa," alisema, "serikali haitampa mwanawe. Watasema ni ugonjwa wa ukoo. Tumfunike kidogo, mpaka mavuno. Halafu ajiuzulu mwenyewe kwa heshima, anitaje mimi."

Mama akauliza, "Utamfunika mtu kwa kitu gani?"

Kaka akanigeukia mimi.

Basi ndivyo nilivyoanza kukaa nyuma ya baba barazani. Haikuwa kawaida mwanamke kukaa pale. Kaka alitangaza kwamba chifu ana ugonjwa wa tumbo, kwamba hawezi kukaa muda mrefu bila uji, na kwamba uji huo lazima upikwe na mtu wa nyumbani. Nilikaa na kibuyu changu mapajani. Mtu alipokuja mbele, niliinama kama ninayemimina, nikanong'ona: huyu ni fulani, wa ukoo fulani, amekuja kwa ajili ya mbuzi. Baba alimeza funda, akainua kichwa, akamwita mtu yule kwa jina.

Nitasema kweli, kwa kuwa wa kuniaibisha hawapo tena: niliipenda kazi hiyo. Wanawake walioniita mti usiozaa, tena nikisikia, sasa walinisalimu wao kwanza. Siku moja baba alikwama kabisa katikati ya kesi ya mahari, macho yakawa kama ya mtu anayetafuta njia gizani. Nikamnong'oneza hukumu nzima. Akaitamka. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Usiku ule furaha ilininyima usingizi.

Mwaka huo nzige walikuwa wamekula mtama, na juu ya hilo ng'ombe wakashikwa na ugonjwa. Serikali ikaweka karantini. Hakuna ng'ombe kuvuka mto bila ruhusa ya chifu, na atakayevusha atafungwa.

Nilikuwa na rafiki mmoja wa rika langu. Niliporudishwa kutoka Nunguni, yeye peke yake ndiye aliyekuja kuniona, akaniletea kunde, akakaa nami mchana mzima bila kuniuliza lolote. Mume wake alikuja kwetu asubuhi moja, karani wa baba akiwa amesafiri kwenda bomani Kitui. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Chifu, nyumbani hakuna chakula. Nina fahali mmoja mzima, hana ugonjwa. Kuna Msomali mfanyabiashara ng'ambo ya mto aliye tayari kumchukua kwa magunia ya mahindi. Naomba ruhusa."

Siku ile kichwa cha baba kilikuwa safi. Alitoka uani alikofungwa yule fahali, akamkagua mdomo na kwato, akasema, "Vusha. Askari wakikuuliza, waambie nimesema mimi."

"Na barua, chifu?"

"Karani hayupo. Neno langu ni barua."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nilisikia kila neno.

Siku chache baadaye askari wakamkamata Msomali yule njiani na fahali, naye akamtaja aliyemuuzia. Wakamleta mume wa rafiki yangu barazani akiwa amefungwa mikono kwa kamba. Hakuwa na wasiwasi. Alitabasamu hata, kama mtu anayejua kwamba kosa litasahihishwa sasa hivi.

"Chifu ndiye aliyeniruhusu," alisema.

Niliuona uso wa baba. Alikuwa akitafuta siku ile ndani ya kichwa chake na haikuwepo. Nilijifunza wakati ule kwamba mtu anayesahau huwa na hofu, na baba hakujua njia nyingine ya kuonyesha hofu isipokuwa hasira. Akapiga fimbo chini.

"Mimi nitoe ruhusa bila barua? Unaniita mwongo mbele ya watu wangu?"

"Chifu, siku ile binti yako alikuwa hapo hapo na kibuyu chake. Muulizeni."

Baraza zima likanigeukia. Kaka alikuwa amesimama kando ya askari. Alinitazama tu, kisha akamtazama baba, kisha akanitazama tena. Nilijua ninachoulizwa. Nikisema nilisikia, watu wote watajua leo kwamba chifu hana kumbukumbu, na kesho Bwana DC, mzungu mkuu wa wilaya, atajua. Tutatolewa. Wote aliowachapa miaka ile watakuja kusimama uani kwetu. Nami nitarudi kuwa mwanamke aliyerudishwa na mume, bila hata paa la chifu juu ya kichwa changu.

"Sikusikia," nikasema. "Nilikuwa nakoroga uji."

Mume wa rafiki yangu aliacha kutabasamu. Hakunitukana. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekanyaga ardhi na ardhi ikazama.

Walimpeleka Kitui. Alifungwa miezi sita, kuvunja mawe ya barabara.

Rafiki yangu alikuja siku ya tatu. Hakutaka kukaa.

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Na ulisikia."

Nikamsogezea kigoda tena.

"Sikulaumu kwa siku ile," akasema. "Watu walikuwa wengi, uliogopa. Lakini kesho twende Kitui pamoja, wewe na mimi, umwambie mzungu. Nitakubebea maji njiani."

"Watamtoa baba yangu," nikasema.

"Mume wangu wameshamtoa."

Desturi yetu ni kumsindikiza mgeni mpaka njiani. Niliinuka nimsindikize, akasema, "Hapana, kaa." Akaenda peke yake.

Sasa wazee wa nzama, lile baraza letu la asili lililokuwepo kabla ya serikali, walianza kukutana kila siku. Walikuwa na hofu mbili. Waliogopa chifu asiyejua alichosema jana, na waliogopa vilevile atakayeletwa mahali pake. Mmoja wao, mzee mwenye jicho moja, alikuja kuzungumza na mama, nami nikasikia kutoka jikoni.

"Mama, sisi hatumchukii," alisema. "Tunataka kujua tu. Mzee yuko au hayuko?"

"Yuko," mama akajibu. "Ana tumbo."

"Tumbo," mzee akasema, akachukua kigoda chake akaondoka.

Wazee watatu walitembea mpaka Kitui. Walilala Matinyani, wakafika bomani asubuhi, wakasubiri mpaka jua likawa utosini. Mkalimani alimweleza Bwana DC kwamba chifu wao ni mgonjwa wa kichwa na kwamba amemfunga mtu asiye na hatia. Bwana DC akajibu kwamba barabara ya chifu huyo ndiyo safi kuliko zote, kwamba chifu huyo hupiga saluti vizuri, na kwamba wazee wavivu daima humchukia chifu mwenye bidii. Wakirudi tena na maneno hayo, na wao watavunja mawe. Walirudi nyumbani. Yule wa jicho moja alipopita kwetu hakunitazama.

Kaka alifurahi sana siku hiyo. Alichinja mbuzi.

Kisha ikaja habari kwamba mzungu mkubwa kuliko Bwana DC anatoka Nairobi kutazama wilaya, na atasimama kwetu. Watu walifagia hata vichaka. Mimi mwenyewe nilimvalisha baba koti lake, nikamfunga vifungo kimoja kimoja. Alikuwa mtulivu. Nilichukua kibuyu changu nikamfuata, lakini karibu na bendera askari wa boma akanizuia kwa mkono. Wanawake wakae nyuma kabisa, kule kwenye miiba. Nikamwambia chifu ana tumbo. Akasema hata kama ana matumbo mawili.

Kwa hiyo nilitazama kutoka mbali. Nilimwona baba amesimama peke yake mbele ya wazungu wawili waliokaa kwenye viti. Bwana DC aliinuka, akaonyesha barabara kwa mkono, akizungumza. Baba alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Halafu nikasikia sauti yake, ile ya zamani, ambayo haikuhitaji mtu wa kunong'ona:

"Wewe askari! Mbona umesimama tu? Mletee mgeni maji."

Mkalimani hakutafsiri. Hakukuwa na haja, Bwana DC alikuwa anajua Kikamba cha kutosha. Mtu mmoja nyuma akacheka, akashindwa kujizuia, kisha mwingine. Mzungu mkubwa naye akatabasamu, na nadhani tabasamu lile ndilo lililotumaliza, kwa kuwa Bwana DC aligeuka mwekundu mpaka shingoni.

Wiki haikuisha barua ikaja. Chifu amekuwa mzee, serikali inamshukuru, arudishe koti na fimbo.

Mtu alifungwa bila kosa, wazee wakatembea siku mbili kusema, na serikali haikuona ugonjwa wowote. Mzungu mmoja akaitwa askari, na ugonjwa ukaonekana siku hiyo hiyo.

Kaka hakupewa kiti. Kilipewa mtu wa kilima cha pili, aliyekuwa amebeba mizigo katika vita vya wazungu na kurudi na mguu mbovu. Huyo kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Alijua nani hakuja barabarani Jumanne ya mwezi uliopita, na nani alimcheka kabla hajawa chifu. Mwaka haukuisha watu wakaanza kumtaja baba kwa huruma, hata wale waliochapwa.

Nilidhani sasa mfungwa wetu ataachiliwa. Nilikwenda mwenyewe kwa karani, nikamwambia nilichosikia asubuhi ile, neno kwa neno, mpaka kwato za fahali. Aliendelea kunoa penseli yake kwa kisu.

"Kesi hiyo imekwisha," akasema. "Na wewe ulishatoa ushahidi wako."

Mume wa rafiki yangu alimaliza miezi yake yote sita. Alirudi na kikohozi kilichokuwa kikimkunja katikati, akakaa juani kando ya ghala tupu, na kabla ya mvua za mwisho wa mwaka akafa. Nilikwenda matangani. Rafiki yangu aliwaambia wengine wanipishe mahali pa kukaa, pale walipokaa wageni wa mbali. Hakuna aliyenifukuza. Nilikaa mpaka jioni bila mtu kunisemesha, kisha nikaondoka.

Baba aliishi miaka miwili zaidi. Alikuwa mpole kuliko alivyowahi kuwa, akicheza na vifaranga, na kila mara nilipomwosha miguu nilijiuliza ni nani hasa niliyekuwa nikimlinda.

Baada ya kumzika nilijiunga na watu wa misheni, nikajifunza kusoma. Siku ya ubatizo tulitakiwa kutubu mbele ya kanisa. Nilisimama nikasema yote: uji, fahali, na neno lile moja nililolisema. Walilia. Waliimba. Walipanga mstari wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaniambia nimesamehewa. Walikuwa watu ambao sikuwa nimewakosea chochote.

Rafiki yangu hakuwa wa kanisa. Nilimwona mwaka uliofuata sokoni Migwani, ameketi na watoto wake wawili mbele ya rundo la kunde. Nilisogea. Alinyanyua macho, akanitambua, akazikusanya kunde zake zote zikiwa bado hazijauzwa, akaziweka kwenye kiondo, akawaita watoto, wakaenda.