Watoto Wawili wa Lindi

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu dada yangu Rehema ameshaolewa na hawezi tena kunipiga, ila nikilikumbuka bado natamani ardhi ipasuke nijifiche humo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nimeomba mkopo wa serikali wa kusomea chuo, na bila huo mkopo mie chuo ningekisikia redioni tu, maana baba ni mchonga vinyago hapa Mbagala, leo kauza, wiki nzima inayofuata hakuna kitu. Sasa jirani yetu Mama Salha (huyu mama anajua kila kitu, hata kisichokuwepo) akaniambia watu wa mkopo wanatumaga wapelelezi mitaani kimyakimya kuangalia kama kweli nyie ni maskini, na wakikuta televisheni ndani, umeumia. Nikaanza kujiuliza: hivi umaskini unapimwaje? Televisheni tunayo, lakini siku nyingine tunalalia chai kavu, je, tumo au hatumo? Nikawaza weee, mwisho nikaona bora niisaidie serikali kuamua, nikabeba televisheni na feni nikavificha kwa Mama Salha, nikavaa dera lililopauka, nikakaa kibarazani kusubiri.

Na kweli, Jumamosi akaja mama mmoja wa makamo nisiyemjua, baibui safi, mkoba mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndio kwa mzee mchongaji? Nilikuwa napita tu."

Anapita tu, na maswali yote yale! Baba anafanya kazi gani, nyumba yenu au mmepanga, mko wangapi, nani amesoma (yaleyale niliyoulizwa kwenye maombi ya mkopo, sasa ningejuaje?). Nikamwambia tumepanga, na baba mgonjwa, hawezi hata kushika patasi.

"Na huyo anayegonga huko nyuma?"

"Jirani," nikasema, na baba huko uani anagonga ko, ko, ko, kwa nguvu zake zote.

"Poleni. Na dada yako Rehema?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Niliona dada mzima, anayejitafutia kwa kushona nguo, atatuharibia, nikasema, "Rehema ana watoto wawili, tumewapeleka kwa bibi Lindi. Kila mmoja na baba yake."

Yule mama akaguna. Mara baba akatokea, vumbi la mpingo mpaka kwenye kope. "We Asha, feni umeipeleka wapi?" Mgeni akamtazama mgonjwa, akanitazama mie, akaaga.

Jioni Rehema akarudi analia. Kumbe yule alikuwa shangazi wa mchumba wake, katumwa kutuchunguza kabla upande wa mume haujaleta posa, kama watu wanavyofanyaga. Posa ile dada yangu aliisubiri kwa hamu, mie nimeifuta kwa pumzi moja. Nikamwambia kila kitu. Mama yangu naye akasikia yote.

Kesho yake mama akanishika mkono mpaka Mbweni kwa yule shangazi, nikapiga magoti sebuleni kwake nikaeleza yote, kuanzia mkopo mpaka feni. Akanikazia macho.

"Mkopo gani huo, mtoto wewe, wa kumzalisha dada yako?"

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, mama naye akaambukizwa, mie peke yangu pale chini nalia. Posa ikaja.

Mkopo nao nikapata, na mpaka leo hakuna aliyekuja kutukagua, yale ya kweli niliyojaza yalitosha kabisa. Nimeapa: siku hizi mgeni akibisha hodi nampa maji, namuuliza katumwa na nani, ndio nafungua mdomo. Lakini siku ya harusi, Rehema kakaa mbele kapambwa, nami napita na sinia la pilau nikidhani yameisha, shangazi akaniita kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi: "Asha! Wale wajukuu zangu wa Lindi mmewaachia nani?"