Nyumba Namba Saba ya Makoko

Keraryo analinda nyumba kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyo yake. Ziko Makoko, upande wa ziwa, zimejengwa na ushirika wa nyumba wa askari wa akiba na raia wanaofanya kazi kambini: wapishi, mafundi, makarani. Keraryo ni mgambo. Alipita mafunzo miaka kumi na minane iliyopita, buti anazipiga rangi mpaka leo, na kila asubuhi hukagua nyumba zote na kuandika hali ya kila moja kwenye daftari la lindo. Mafunzoni waliambiwa kwamba kisichoandikwa hakikutokea, naye aliliamini hilo kuliko mengine yote waliyomfundisha.

Aliponitembeza, tulipita namba moja hadi sita bila neno. Namba saba alisimama, akafuta kitasa kwa mkono wa shati. Nyumba zote ni za aina moja, vyumba vitatu na bati la bluu, ila ile ina uzio wa katani unaofika gotini. Kwao Butiama katani ni alama ya mpaka, na mtu haipandi kwenye kiwanja cha mwenzake. Alizipanda mwenyewe, mche kwa mche, bila kumwambia mtu.

Ushirika ulikuwa na njia mbili. Mwenye mshahara wa kambini alikatwa kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano, akaingia nyumba ya Makoko. Mgambo hana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo alipewa kiwanja Nyamuswa na bati za mkopo, mradi wapatikane sita waliopita mafunzo pamoja, wajengeane kwa zamu. Watano wa kundi lake walikuwa tayari. Walimngoja yeye tu, na mwisho wa kusaini ulikuwa Ijumaa.

Keraryo hakuitaka Nyamuswa. Alijipa moyo kwamba masharti yatabadilika, na mlinzi atafikiriwa kwanza. Jumatatu ya wiki hiyo akaja Anuari, fundi cherehani wa kambi, na karatasi ya namba saba mkononi.

Anuari ndiye aliyemshonea sare. Alimtania kwamba sasa atalindwa na afande mzima, kama mkubwa. Mkewe, Mwanaamina, alipima madirisha kwa futi ya mumewe, akapanga pazia la kila chumba, kisha akauliza nani kapanda uzio mzuri namna ile. Keraryo alijibu kwamba umejiotea.

Siku ile hakula. Aliichukia futi ile, akayachukia mapazia ambayo hayajashonwa. Nimekaa katika miji ambako watu huoneana wivu wa magari, lakini gari likipita limepita. Nyumba haiondoki. Kila asubuhi iko palepale, na huyu analipwa posho ya kuifuta vumbi.

Jumanne Mwanaamina alirudi peke yake. Mume hawezi kuchukua nyumba ya ushirika mpaka mke naye asaini, na alitaka kuiangalia mara ya mwisho. Keraryo akamwambia, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba masika yaliyopita maji ya ziwa yalifika barazani. Akamwonyesha na mahali penyewe ukutani. Mwanaamina ni mzaliwa wa Kitaji, kando ya ziwa hilohilo. Aliliona ziwa mwaka lilipopanda. Alikwenda nyumbani akamwambia mumewe hasaini.

Habari zilipomfikia Scholastika, katibu wa ushirika, hakubishana na mtu. Alhamisi alikuja na mke na mume, akaomba daftari la lindo. Akayasoma masika yote kwa sauti, siku baada ya siku. Namba saba, kavu. Namba saba, kavu, imefagiliwa. Keraryo alisimama wima, mikono ubavuni. Daftari lilikuwa limemtoka kichwani kabisa. Aliniambia kwamba hata angelikumbuka, asingeweza kuandika maji ambayo hayakuwepo.

Mwanaamina alilichukua, akafunua kurasa taratibu.

"Shemeji, mbona unaanzaga na saba? Namba moja unaiandika ya pili."

Anuari aliutazama uzio, akamtazama Keraryo, akaelewa.

"Ungeniambia tu, Keraryo. Ningechukua hata tisa. Kwangu zote ni sawa."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko aibu yenyewe: nyumba aliyoililia, mwenzake angeweza kuiacha bila hata kugeuka. Mwanaamina alisaini palepale, karatasi ikiwa juu ya daftari. Scholastika hakumfukuza kazi. Alisema mdomo wake una kasoro, ila daftari lake halina.

Ijumaa Keraryo alipanda basi kwenda Nyamuswa kusaini na wenzake. Aliwakuta sita wamekamilika. Wa sita ni Benedikta, mkewe, ambaye alipita mafunzo yaleyale, ndiko walikokutana. Alikuwa amesaini tangu Jumatano.

"Nimekungoja wiki tatu, baba Kija. Nikaona wewe una nyumba yako Makoko."

Kwa hiyo kiwanja kina jina la Benedikta. Siku za mapumziko Keraryo hubeba tofali kama wengine, na mkewe ndiye anayeita majina asubuhi, naye huitikia. Wapita njia husimama wakamwambia mama hongera. Keraryo huendelea kukoroga udongo. Alikiri kwangu kwamba hata hizo hongera anazionea wivu.

Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, alikwenda kwa Mwanaamina kuomba machipukizi ya katani. Mwanaamina alimwambia azing'oe zote, hata kubwa, maana wana mpango wa kuweka ukuta wa tofali. Keraryo alichukua machipukizi kumi na mawili tu. Zile kubwa alidai hazing'oki kabla ya mvua.

Nilimwacha akiwa ameinama juu ya daftari lake. Aliandika: namba saba, kavu. Kisha namba moja.