Tosti ya Mama Nekesa

Siku ya kwanza kazini, MC Mkuu alinikabidhi maikrofoni na kunikataza kusema lolote ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kuizungusha kwa wageni pale ukumbini Kawangware, na kuiweka mbali na spika isije ikapiga mluzi. Mkubwa wangu huyo alikuwa mhudumu wa hoteli kabla ya kuokoka, na maneno ya ulevi aliyajua mpaka mizizi.

"Bar ni ule ubao wa kukuzuia usifikie chupa," aliniambia. "Kama hujui neno limetoka wapi, usilipeleke kwa maiki."

Nilimsikia, nikapanda cheo, nikasherehesha harusi kuanzia Sarang'ombe hadi Riruta. Nilikuwa mzuri, na sioni haya kusema.

Harusi ninayoikumbuka zaidi ni ya binti wa Mama Nekesa, muuza mitumba wa Soko la Toi. Kamati ilimwambia upande wake ushughulikie toast. Walimaanisha kuinua glasi na kuwatakia maharusi heri, tena glasi za juisi, maana wote walikuwa watu wa kanisa. Mama akaja na beseni la tosti, mkate aliouchoma mwenyewe juu ya makaa.

Nilipotangaza toast, akasimama nalo. Meza ya wakwe zake, wenye ploti wa Riruta, ikaangua kicheko.

"Haki huyu mama ametuletea breakfast," shangazi mmoja akasema.

Bibi harusi akainamisha kichwa. Roho iliniuma. Mama huyu angewatazama vipi wakwe zake tangu siku hiyo?

Nikashika maiki. "Mama ameelewa kutushinda. Zamani Waingereza walitia kipande cha mkate wa kuchomwa ndani ya divai, inoge. Jina la mkate likahamia kwa kinywaji, halafu kwa zile heri. Sisi tulibaki na jina, mama ametuletea mkate wenyewe."

"Ni ukweli?" akauliza baba ya bwana harusi.

"Ni ukweli, mzee."

Akachukua kipande, akachovya kwa juisi, akala. "Haya mkwe, cheers."

Sasa nimestaafu. Vijana wa leo wana spika kubwa, lakini nikiwauliza asili ya cheers, wanaitafuta kwa simu. Nawaambia zamani neno hilo lilimaanisha uso, kisha uso uliochangamka. MC anayeinua glasi bila kutazama nyuso hajajua kazi. Mimi siku ile nilitazama uso wa Mama Nekesa: alikuwa amemkazia mkwe wake macho, akimwongezea mkate.