Valvu Aliyoichagua Fundi Erastus

Fundi Erastus Osiako wa Iguhu hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na mdomo na masikio. Akija dukani kwangu hapa Kakamega kutafuta valvu ya turbo, ile inayozuia upepo usizidi ndani ya injini, alikuwa anaipuliza huku ameinamisha kichwa. Ikivuja hata kidogo, anairudisha. Ikinyamaza, anaichukua. Miaka ishirini hakukosea, mpaka mafundi wenzake wakawa wanamletea valvu zao awapulizie.

Halafu masikio yakaanza kufa. Ni kelele za eksozi za magari hizo. Mimi nilijua mapema, maana kila kitu nilikuwa namwambia mara tatu. Wengine aliwadanganya kwa kucheka wakicheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini nani angemwambia? Si mimi. Nilimheshimu kupita kiasi, na huo ndio ujinga wangu.

Mkewe, Zilpah, alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumanne na Ijumaa mpwa wao Willis alimpeleka hospitali ya mjini kusafishwa damu, kwa gari lake la turbo. Jumanne moja gari likakosa nguvu mlimani, wakarudi nyumbani. Kufikia Alhamisi Zilpah alikuwa amevimba uso, kupumua ni kwa shida, na daktari akasema kwa simu kwamba kesho asikose kwa vyovyote.

Alhamisi hiyohiyo Erastus akaja kwangu kulitafutia gari la Willis valvu. Nikamwekea valvu mbili kwenye kaunta, moja mpya, nyingine kuukuu iliyotoka Japani. Mafundi vijana walikuwa wamejaa dukani, wakimtazama.

"Fundi, chukua hii mpya tu," nikamwambia.

"Mama Mitchel, hizi mpya ni za kuiga. Zinakufanga upesi." Akaishika ile kuukuu, akaifuta kwa shati, akaipuliza.

Ssss! Nilisikia nikiwa ng'ambo ya kaunta. Joash, kijana aliyefundishwa kazi na Erastus mwenyewe, alisikia pia, akainamisha macho. Fundi mkubwa hakosolewi mbele ya wanafunzi wake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na malezi hayo leo nayalaani.

"Imenyamaza," Erastus akasema. "Hii ndiyo."

Nikamfungia kwenye gazeti. Woi, ningefungua mdomo! Neno moja tu!

Ijumaa asubuhi jirani yao Kibet, mwenye teksi, alipita kwao akajitolea kumpeleka Zilpah. Erastus akakataa. Mke wa fundi abebwe na gari la watu, kana kwamba mumewe hajui kazi? Kibet akaenda zake Mukumu na abiria wengine.

Willis ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, akilia. Walipofika mlimani alikanyaga mafuta, gari likaruka kwa nguvu asizowahi kuziona, na mjomba wake, aliyeketi kando yake, akatabasamu. Kumbe upepo ulikuwa umezidi. Pistoni ikatoboka, moshi ukatanda, injini ikazima hapohapo. Boda zilisimama nyingi, lakini mgonjwa asiyeweza hata kuketi ungempandishaje? Wakampigia Kibet. Alipofika ilikuwa karibu saa sita, na Zilpah alikata roho wakimwingiza kwenye teksi.

Nilienda matangani siku ya tatu. Nilitaka kukaa nyuma na akina mama, nisionekane. Erastus akaniona, akanijia mpaka pale nilipoketi.

"Mama Mitchel, wewe hunidanganyangi. Siku ile nikipuliza, ilitoa sauti?"

Nikasema ndiyo, polepole, nikiangalia chini.

"Umesema nini?"

"Ndiyo, Fundi."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. "Sema kwa nguvu, mama. Mimi sisikii."

Kwaya ilikuwa inaimba. Ikabidi nisimame, niinue sauti mpaka kwaya ikakatika na ndugu zake Zilpah wakageuka kunitazama.

"Ilitoa sauti, Fundi! Niliisikia, na nikakufungia!"