Roketi ya Baba Mkwe

Majira ya baridi yaliyopita mlango wa jengo letu hapa Tensta, pembezoni mwa Stockholm, ulilipuliwa. Ilikuwa alfajiri, nimesimama jikoni nachemsha maji ya chai kabla ya kwenda kazini. Mtikisiko niliupata kwanza kwenye nyayo, masikio yakafuata, halafu vioo vya ngazini vikamwagika kama mchele unaomiminwa kwenye sinia. Hakuna aliyeumia. Polisi walitueleza kwamba mtu aliyelengwa na bomu lile alishahama, na wala hakuwahi kukaa upande wetu. Waliotega walikosea mlango. Walisema hivyo ili kututuliza. Mimi ndipo waliponimaliza. Mwenye adui anaweza kumkimbia adui yake, lakini asiye na adui atajikinga vipi na watu wanaokosea mlango?

Mimi ni mtu mzima, kichwa kimeshaingia mvi. Kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo ya ndege, na humo kelele ni chakula cha kila siku. Lakini tangu asubuhi ile, mlango wa lifti ukijifunga kwa nguvu nilikuwa nashtuka hadi nashika ukuta. Begi likiachwa peke yake ndani ya treni, nashuka nikasubiri treni nyingine. Sikumwambia mtu. Mke wangu aliona mwenyewe, akanyamaza, kwa sababu ananijua.

Katika hali hiyo ndipo alipoleta roketi nyumbani.

Mke wangu ni Mganda. Baba yake alikimbia Kampala enzi za vita akiwa naye mkononi, msichana mdogo asiyejua hata kufunga viatu, na wakaishia Upplands Väsby, mji ulio kaskazini mwa Stockholm, ambako mzee anaishi hadi leo. Mwaka huu mzee alihamia nyumba ndogo ya wastaafu, na mke wangu akaenda kumsaidia kusafisha stoo yake. Alirudi na boksi refu la karatasi ngumu lililoliwa pembe na unyevu.

"Nimeipata," alisema, akiweka boksi juu ya meza kama anayelaza mtoto. "Nilidhani alishaitupa."

Ndani mlikuwa na roketi ya kuchezea, urefu wa mkono wangu, nyekundu na nyeupe, rangi imepasukapasuka. Mapezi ya mkiani yalikuwa matatu. Moja lilikuwa limevunjika, kipande kimefungwa kwenye gazeti. Baba yake aliitengeneza walipokuwa wageni hapa, wakairusha pamoja kwenye mashamba ya nyuma ya nyumba zao, zamani hizo watu walipokuwa hawaulizi. Sasa mke wangu alitaka ipae tena wakati mzee bado ana macho ya kuiona. Moyo wa mzee ulikuwa umeshawekewa kifaa cha kuusaidia, na safari za hospitali zilikuwa zimeanza kufuatana.

Niliinama kuchungulia ndani ya boksi. Chini kabisa, chini ya mabaki ya parachuti, kulikuwa na vibomba vitatu vya kahawia, vinene kama kidole gumba.

"Hivi ni nini?"

"Injini zake. Zina baruti ndani."

Nilisogea nyuma hadi mgongo ukagusa friji. Baruti, ya umri unaopita nusu ya maisha yangu, juu ya meza tunayolia ugali. Mke wangu alianza kueleza kwamba haiwaki bila umeme, nami nilikuwa namwona midomo tu inavyocheza. Kichwani mwangu polisi walikuwa wanapanda ngazi, wanakuta baruti kwa mtu mweusi katika jengo lililokwisha kulipuliwa. Nani angeningoja nimalize sentensi?

Alinitazama, akachukua simu akapigia klabu ya warusha roketi aliyokuwa ameshaitafuta. Mwanamke wa huko alimjibu kwa upole kwamba injini za zamani hivyo zisitumike kabisa, maana baruti hupata nyufa ndani, na yenye nyufa haisukumi, inapasuka. Zilowekwe kwenye maji mpaka zilainike. Nilijaza ndoo mimi mwenyewe. Nilizitia moja moja kwa koleo la jikoni, nikaibeba ndoo hadi bafuni, nikafunga mlango. Siku iliyofuata zilikuwa zimegeuka uji wa kijivu. Hata hivyo nilipitisha siku nyingine moja kabla ya kuthubutu kuumwaga.

Mzee alipoambiwa roketi imepatikana alitoa sharti moja: mapezi asiyaguse mtu bila yeye. Mke wangu alikuwa na zamu, hivyo kazi ya kuipeleka Upplands Väsby ikaniangukia. Niliifunga kwenye mfuko mweusi wa takataka, nikapanda basi hadi kituo cha Spånga, na pale kwenye treni nikagundua upumbavu wangu. Bomba refu ndani ya mfuko mweusi, mapajani mwa mwanaume anayetoka jasho. Mlinzi wa treni alipita, akarudi, akasimama karibu na mlango. Nikauondoa mfuko taratibu, vidole vikionekana vyote, ili kila mtu aone ile rangi nyekundu ya kitoto.

Mama mmoja Mswidi aliyeketi mbele yangu akaniuliza ni kitu gani. Neno la Kiswidi la roketi karibu ni lile lile letu, na sijawahi kuona neno zito kama hilo. Nililitoa kwa sauti ndogo. "Ya baba mkwe wangu," nikaongeza haraka. Yule mama akatabasamu, akasema kaka yake alikuwa nazo. Mlinzi akaenda zake. Mimi niliishikilia roketi ikiwa wazi mpaka nilipobadilisha treni mjini, na kidogo baada ya hapo.

Mzee alikuwa ametandika magazeti mezani, gundi na msasa vimepangwa. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo yeye alikuwa macho na mimi nikawa mikono.

"Piga msasa kufuata mstari wa mti, mkwe wangu. Usiende kinyume. Huo ni ubao laini, utaula wote."

Tulisafisha gundi ya zamani, tukaliunganisha pezi, tukalishikilia. Parachuti ya plastiki ilikuwa imegandamana kama utando wa maziwa na ikachanika tulipoifungua. Tukakata nyingine kutoka kitambaa chembamba cha plastiki cha kufunikia meza. Uzi wa mpira unaoshikilia pua ya roketi ulikatikia mkononi kama tambi kavu. Tulitia mpya. Mdomo wa bomba ulikuwa na ufa, tukauzungushia karatasi yenye gundi. Mzee alipumua kwa sauti muda wote, na kila alipokaa kimya sana nilimtupia jicho kifuani kuona kama shati linapanda.

"Wewe unaogopa nini?" aliniuliza ghafla, bila kuinua uso.

"Siogopi, Mzee."

"Sawa," akasema. "Shika hilo pezi vizuri basi, linacheza."

Tuliirusha mwezi wa Mei. Uwanja wa klabu uko mbali kusini mwa Stockholm, kwa sababu karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda hairuhusiwi kurusha kitu chochote, na hilo mimi wa kupakia ndege nililielewa vizuri kuliko wote. Mke wangu aliendesha. Mzee alikaa mbele na koti la baridi, kofia ya sufu, na blanketi magotini, ingawa jua lilikuwa limetoka. Lilikuwa shamba pana lililozungukwa na misonobari, na majani makavu ya mwaka uliopita yalikuwa bado yamelala. Mwanamke wa klabu, yule wa kwenye simu, alikuwa amevaa fulana ya njano na alikuwa amelowesha ardhi kuzunguka fimbo ya chuma ambayo roketi huchomekwa ili ipande wima. Aliikagua roketi yetu, akavuta mapezi kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali.

Injini mpya iliingia. Waya wa kuwashia ukaunganishwa na nyaya ndefu zilizofika hadi kwenye kisanduku chenye kitufe. Mzee alikaa kwenye kiti cha kukunja, mke wangu amesimama nyuma yake, mikono mabegani pake. Watu wa klabu walihesabu kurudi nyuma kwa Kiswidi na mke wangu akabonyeza.

Hakuna kilichotokea.

Nimesema nilikuwa naogopa mlipuko. Sikuwa najua kwamba kimya cha kitu kilichotakiwa kulipuka ni kibaya zaidi. Mwanamke wa klabu alituambia tusubiri, asisogee mtu. Upepo ulikuwa unapiga nyasi. Tulisubiri, halafu akang'oa ufunguo mdogo kwenye kisanduku.

"Waya wa kuwashia umekufa tu," alisema. "Mmoja wenu akabadilishe. Bila ufunguo huu umeme haupiti. Aende nao mkononi."

Mzee aliweka mikono kwenye kiti ili ainuke. Mke wangu akambana mabega, akanitazama. Nilinyoosha mkono nikapokea ufunguo na waya mpya.

Kutoka pale hadi kwenye fimbo ni mwendo ambao mtoto angeukimbia akicheka. Mimi nilitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Niliubana ufunguo hadi meno yake yakaniuma kiganjani, na akili ikiniambia hakuna umeme, hakuna umeme, huku mwili wangu wote ukisikia vioo vikimwagika. Nilipiga magoti kwenye udongo uliolowa. Uso wangu ulikuwa umegeukia pembeni, macho nusu yamefungwa. Niliutoa waya wa zamani, ncha yake nyeusi haijaungua. Waya mpya ukaniteleza, ukaanguka kwenye majani, nikaupapasa kwa vidole visivyonitii. Nilianza kusoma dua ninayoijua tangu chuo cha Kurani, nikaikosea, nikaanza upya. Hatimaye ukaingia. Nikabana vibanio vidogo vya nyaya, nikasimama, nikageuka.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa nyuma yangu. Shingo ilinisisimka hatua kwa hatua. Nilipofika, mke wangu alikuwa analia bila sauti, nami sikujua kama ni kwa ajili ya baba yake au yangu.

"Bonyeza wewe," Mzee aliniambia.

"Hapana, Mzee. Hii ni yenu."

"Mikono yangu haifai na huyu analia. Bonyeza."

Mwanamke wa klabu alirudisha ufunguo. Wakahesabu tena. Nilibonyeza huku nimeuma meno, na haikuwa kishindo. Ilikuwa kama kitambaa kirefu kinachochanwa, na ile roketi ya karatasi ikaondoka ardhini kabla sijainua kichwa. Moshi mweupe ulisimama kama uzi. Juu kabisa kukasikika mlio mdogo, tap, pua ikachomoka na parachuti ikatoka, lakini ikafunguka nusu tu. Roketi ikashuka kwa kasi, ikiyumba, ikaangukia ukingoni mwa misonobari.

Niligeuka kumtazama Mzee. Mdomo wake ulikuwa wazi, mkono umebana kifua cha koti, macho hayapepesi. Nilijiona nimemuua. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika kiganja, nikamwita, "Baba," neno ambalo sikuwahi kumwita.

"Mbona imevuta kushoto?" akasema. "Lile pezi hukulishika vizuri."

Tuliikuta pezi lile lile limevunjika tena. Mzee hakutaka ibaki shambani. Aliilaza mapajani juu ya blanketi, mkia wake ukinuka kama kiberiti, na tukaanza safari ya kurudi.

Njiani mke wangu, macho kwenye barabara, alisema, "Baba, unajua sikuwahi kukushukuru. Nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kishindo, ukanitengenezea hii ili nizoee. Ukawa unaniachia mimi kitufe."

Mzee aligeuza uso kumtazama.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Najua tu. Nakumbuka."

"Wewe hukuogopa kitu," alisema. "Ulikuwa mtoto wa kulala hata mabomu yakipita. Mwaka mpya wa kwanza hapa, Waswidi walipoanza kurusha fataki zao, wewe ulikimbilia dirishani kutazama. Mimi ndiye niliyejifungia chooni na taulo kichwani. Nikaona haya, mwanaume mzima. Ndipo nikaiona hii dukani, bado vipande vya kuunganisha." Aliipapasa kidogo. "Kitufe nilikuwa nakupa wewe kwa sababu mimi nilishindwa kukibonyeza. Sijawahi kukibonyeza hata leo."

Mimi niliyekaa nyuma niliona macho ya mke wangu kwenye kioo, yakinitafuta. Njia ya kutokea kuelekea Upplands Väsby ikapita upande wa kulia, taratibu, na kibao chake cha kijani, na akawa hakuiona. Ilitubidi kuendelea kaskazini hadi njia iliyofuata ndipo tugeuze. Hakuna aliyelalamika, na Mzee aliomba dirisha lifunguliwe kidogo.