Unga Usioshikana

Mdogo wangu Rehema, umeniandikia kwamba umepata kazi ya kutunga maneno ya kwenye pakiti za vyakula, na tangu nisome ujumbe wako sijatulia. Sina mvi za kutolea nasaha. Lakini ipo siku moja ya kule Ruangwa ambayo huikumbuka kila ninaposhika pakiti dukani, na ni afadhali uisikie kabla hujaanza kazi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimeajiriwa na kiwanda kidogo cha unga Nachingwea. Bosi alitaka kuuza unga wa uji wa watoto, ila hakutaka masharti yake. Unga ukiitwa chakula cha watoto wachanga, lazima upimwe virutubisho na kukaguliwa sana. Akaniambia, "Msomi, tafuta jina." Nikasoma kanuni siku tatu, nikaandika: "Unga mchanganyiko wa familia, wenye ufuta na korosho." Sikuona kifungu kilichosema ufuta na korosho viwe kiasi gani, basi tukatia kidogo mno, mahindi yakajaza. Kwenye picha tukaweka mama anayetabasamu, ameshika bakuli na kijiko kidogo. Mtoto hayumo, ila kila anayeitazama anamwona. Nilijiona mjanja, mdogo wangu. Nikampelekea bibi yetu pakiti mbili kijijini Nandagala, kule Ruangwa, anisifu.

"Mume wangu msomi kaja," bibi akacheka, "anamletea mkulima zawadi ya unga!"

Alikuwa na jirani yake, Mama Limi, wa zile familia za wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Limi alikuwa mgongoni, miezi tisa, shingo nyembamba. Mama yake alipoiona pakiti akachangamka.

"Hii hii! Mwanangu anakula hii tu tangu mwezi uliopita. Kliniki wanasema uzito umeshuka. Labda nimwongezee, kaka?"

Nilikuwa najitetea kichwani: maneno ni sahihi, hatukusema popote kwamba ni ya mtoto, bakuli si kosa, kijiko si kosa.

Bibi akafungua pakiti na kuimwaga kwenye ungo, kama anavyomwaga ufuta wake ili mnunuzi aone kama una mchanga. Akachota, akafinya, akafungua kiganja. Unga ukachuruzika kama vumbi.

"Unga wenye ufuta hushikana, na mkono hubaki na mafuta. Huu ufuta wake uko wapi?"

"Upo, bibi. Kidogo. Sheria haijasema..."

"Sijakuuliza sheria. Mwenzio anauliza ampe mtoto nini leo. Mjibu yeye."

Nikamgeukia Mama Limi. Nikamwambia ni mahindi, karibu yote, na kwamba aliyechagua maneno ni mimi.

Mama Limi akaigeuza pakiti. "Sasa mimi ningejuaje, kaka? Nilisoma yote. Nilisoma mpaka nyuma."

Bibi akamfundisha kutengeneza uji wa ufuta na karanga, na kliniki wakamfuatilia. Kila siku ya kupima uzito nilipiga simu, mpaka bibi akachoka nami. Limi aliongezeka, polepole. Kiwandani nikaomba tubadilishe maneno. Bosi akauliza tumevunja sheria gani. Hatukuwa tumevunja hata moja, nikaacha kazi. Zile pakiti bado zinauzwa, na maneno yangu yangali juu yake.

Basi, mdogo wangu, unapoandika, usijiulize kama maneno yatapita kwa wakaguzi. Mfikirie mtu mmoja aliyembeba mtoto, anasoma mpaka nyuma. Kile ambacho ungemwambia akikuuliza ana kwa ana, ndicho ukiandike. Wakikataa, ondoka mapema kuliko nilivyoondoka mimi.

Mungu akunyime utulivu pale usipostahili kutulia. Na kila mtoto atakayelishwa kwa kuamini maneno yako, ashibe.