Ngozi ya Kiti cha Baiskeli ya Mahari

Wiki mbili zilizopita binti yangu alirudi kutoka shule na mpira wa besiboli uliofumuka mshono, akauweka mezani karibu na chai yangu. "Mama, unaweza kuushona?" Nilimwambia siwezi. Huo ulikuwa uongo, rafiki yangu, maana nilijua kushona mpira wa namna hiyo kabla sijajua kushona kifungo cha sare. Nilimdanganya kwa sababu angeniuliza nilijifunzia wapi.

Nilijifunzia Mukuju, kijijini kwetu karibu na Tororo, Uganda, kwa fundi baiskeli. Siku hizo bodaboda bado ilikuwa baiskeli, zile nyeusi nzito zenye kengele ya kidole, abiria akikaa nyuma juu ya mto wa sponji. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa ametoka Kampala na mpira mmoja, gongo moja na sheria nyingi kichwani. Kila kitu kingine tulikipata kwa baiskeli. Vituo vinne vya kukimbilia vilikuwa vipande vya tairi kuukuu. Mpira wa mwalimu ulipopotelea kwenye kinamasi, tukatengeneza wetu kwa kuviringisha vipande vya tyubu, tukivivuta mpaka ukawa mgumu. Ngozi ya juu ndiyo iliyotutesa. Tulikata viatu vya zamani, navyo vikapasuka kila wiki.

Fundi mwenyewe alikuwa Msamia, si wa kabila letu, kutoka Bulumbi, mpangaji tu pale kwetu, mtu wa maneno machache. Alifanyia kazi chini ya bati moja mbele ya duka, mikono ikinuka grisi. Watoto wengine aliwafukuza, lakini mimi aliniita "mrushaji" kwa sababu katika timu ndimi niliyerusha mpira. Alinipa tyubu bure. Alinifundisha kuchomoa nyuzi imara kwenye tairi lililochakaa, kuzipaka nta, na kushona kwa sindano mbili zinazopishana.

Sasa nije kwenye baiskeli ya bibi yangu, mama wa baba. Ilikuja kwetu kama sehemu ya mahari ya shangazi, pamoja na ng'ombe, na bibi hakuipanda hata siku moja. Ilisimama ndani, imepakwa mafuta, kiti chake cha ngozi kimevikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wakwe walipokuja kututembelea ilitolewa nje waione, kama ng'ombe wao walivyotolewa zizini. "Kitu cha mkwe hakifii mkononi mwako," bibi alikuwa akisema.

Mwaka ule wakwe walituma habari kwamba wangekuja Jumapili, naye bibi akaipeleka baiskeli kwa fundi akaze breki. Ilirudi Alhamisi. Ijumaa tulikuwa na mechi Tororo, na Alhamisi hiyohiyo mpira wetu ukapasuka mazoezini. Mwalimu alisema bila mpira hatuendi. Nilipofika nyumbani bibi alikuwa shambani akipalilia wimbi. Nikainua kitambaa, nikakata ngozi kwa kisu cha jikoni, nikaweka gunia mahali pake, nikafunika tena. Ngozi niliiloweka, nikaipaka samli, nikashona mpaka vidole vikatoa damu. Nilijiambia kwamba hakuna mtu anayefunua kitambaa cha bibi.

Asubuhi nilipita kwa fundi kumwonyesha mshono. Aliugeuza mpira mkononi, akausifu, kisha akauliza ngozi nimeitoa wapi. Nikasema ni kiatu cha mjomba.

Tulishinda. Chini ya mwamba mkubwa unaoinuka juu ya mji wa Tororo nilirusha mpira mpaka wenyeji wakachoka kupiga gongo hewani, na wenzangu wakanibeba mabegani. Bado naona haya nikikumbuka nilivyofurahi.

Jumapili baba mkwe wa shangazi, mzee mchangamfu, alisema anataka kuizungusha baiskeli kidogo uani. Akaondoa kitambaa. Hakugomba. Alitazama gunia, akamtazama bibi, akasema taratibu, "Kumbe ndivyo mnavyotunza vyetu." Kuku na ugali wa wimbi vilibaki mezani, mboga ya simsim, ufuta uliosagwa, ikapoa bila kuguswa. Shangazi, ambaye jioni ile angerudi na watu hao na kuendelea kuishi nao, alikuwa akitazama miguu yake.

Bibi akatuma fundi aitwe.

"Fundi, hii kiti ulikata ngozi yake ukapeleka wapi?"

"Mama, mimi sikukata. Nilikaza breki tu."

"Sasa nani ingine alishika hii baiskeli? Si wewe tu?"

Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu mwenye roho kufungua kinywa, nami nikainama kuokota sahani.

Mukuju si mahali pa kuitwa mwizi ukaendelea kukaa. Wiki ilipoisha hakuna aliyempelekea hata pancha. Alifunga sanduku lake la spana akavuka mpaka hadi Busia, upande wa Kenya. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni aliyeulizia kile kiti cha gunia alihadithiwa juu ya Msamia mwizi. Niliketi palepale nikisikia. Nilikuwa msichana mkubwa, kisha mke wa mtu, na bado nilinyamaza.

Wiki iliyopita nilivuka mpaka kumtafuta. Pikipiki zimezimeza zile baiskeli nyeusi, lakini yeye nilimkuta nyuma ya soko, mzee, akitengeneza zile za magurudumu matatu ambazo walemavu huvushia mizigo. Nilipiga magoti nikamwambia yote.

"Mimi nilijua," alisema. "Siku ile nilingoja wewe useme."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe zamani. Bibi yako ulimwambia?"

"Hapana. Alishafariki."

Aliweka spana chini, akafuta mikono polepole kwenye suruali.

"Yule mama alikuwa ananipa uji kila asubuhi," alisema. "Sasa nani atakwenda kumwambia mimi sikukata?"